Maumivu ya Kifua na Kipimo cha Damu: Usisahau Saa



Ndugu msomaji, katika safu yetu ya leo tutazungumzia vipimo vya damu vinavyotumika kutambua kama moyo umeumia, na kukadiria umeumia kwa kiasi gani. Tumeichagua mada hii kwa sababu maradhi ya moyo si maradhi ya matajiri na Wazungu tu, kama wengi tulivyozoea kudhani. Presha na kisukari vimekwishaingia majumbani mwetu, na mara nyingi hivyo ndivyo vinavyoufungulia mlango ugonjwa unaoitwa shambulio la moyo.

Iko sababu nyingine. Katika utafiti uliofanyika kwenye idara ya dharura ya Hospitali ya KCMC, Moshi, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2020, wagonjwa wazima waliofika wakilalamika maumivu ya kifua au kupumua kwa shida walipimwa wote kwa kipimo cha umeme wa moyo na kipimo cha damu cha troponini. Ilionekana kwamba zaidi ya mmoja kati ya kila watano alikuwa na shambulio la moyo. Lakini katika matibabu ya kawaida, ni wachache mno miongoni mwao ambao ugonjwa wao ulitambuliwa kwa jina lake. Maana yake ni kwamba ugonjwa upo, na kipimo kipo, lakini mgonjwa na kipimo hawakutani kwa wakati unaotakiwa. Hilo la wakati ndilo jambo kubwa tunalotaka kulieleza leo.

Tatizo linaanzia nyumbani

Mtu akishikwa na maumivu chini ya kifua, sisi husema ni chembe ya moyo, na anayeumwa chembe ya moyo hupewa maji ya moto, tangawizi, magadi au dawa ya vidonda vya tumbo. Akiumwa katikati ya kifua huambiwa ni gesi. Akiumwa bega na mkono wa kushoto huambiwa alilalia vibaya, akachuliwa kwa mafuta. Mara nyingine kweli huwa ni gesi, na kweli huwa ni vidonda vya tumbo. Lakini shambulio la moyo nalo hupita katika njia hizo hizo.

Dalili zinazotakiwa zikutie wasiwasi ni hizi: maumivu au uzito katikati ya kifua, kama mtu amekalia kifua chako au amekifunga mkanda na kuukaza, maumivu yanayopanda shingoni, kwenye taya, au kushuka mkononi, jasho la baridi lisilo na sababu, kichefuchefu au kutapika, pumzi kuwa fupi, na udhaifu wa ghafla. Maumivu yakizidi dakika 15 hadi 20 hata baada ya mtu kupumzika, hiyo ni dharura.

Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari, maumivu ya kifua yanaweza yasiwepo kabisa. Mama mwenye kisukari anaweza akaishiwa pumzi, akatoka jasho na kutapika tu, na nyumbani wakasema ni sukari imeshuka au amekula kitu kibaya. Ni sahihi kupima sukari, lakini ikionekana iko sawa na hali haijabadilika, basi usirudi kulala. Mpeleke hospitali.

Moyo unapoumia hutokea nini?

Moyo ni msuli. Kazi yake ni kusukuma damu mwilini, lakini wenyewe nao unahitaji damu, na una mishipa yake midogo inayoulisha. Kwa miaka mingi mafuta hujikusanya katika kuta za mishipa hiyo, hasa kwa mvutaji sigara, mwenye presha isiyotibiwa, mwenye kisukari na mwenye kolesteroli nyingi. Siku moja utando uliofunika mafuta yale hupasuka, damu ikaganda hapo, na njia ikaziba. Sehemu ya msuli iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule hubaki bila hewa safi. Ikiwa njia imeziba kabisa, katika muda wa nusu saa hivi msuli huanza kufa, na kadiri saa zinavyopita ndivyo sehemu iliyokufa inavyopanuka.

Chembechembe za msuli zinapokufa, ngozi zake hupasuka na vilivyomo ndani humwagika kwenye damu. Fikiria gunia la mchele lililotoboka juu ya mkokoteni. Punje zikionekana barabarani, unajua kuna gunia limetoboka. Zikiwa nyingi, unajua tundu ni kubwa. Lakini ukiitazama barabara kabla mkokoteni haujafika mbali, utaiona safi, nawe utaapa kwamba gunia ni zima.

Vipimo vya damu vya moyo vyote vimejengwa juu ya jambo hilo: kutafuta kwenye damu kitu ambacho kwa kawaida makazi yake ni ndani ya msuli wa moyo.

Vipimo vilikotoka

Mwaka 1954 watafiti watatu wa New York, LaDue, Wróblewski na Karmen, walieleza kwamba kimeng'enya kiitwacho SGOT huongezeka kwenye damu ya mtu aliyepata shambulio la moyo. Hicho ndicho kilichofungua njia. Lakini SGOT, ambayo siku hizi huitwa AST, iko pia kwenye ini na kwenye misuli mingine. Mwenye homa ya ini naye huonekana nayo kwa wingi. Ndiyo maana leo utaikuta kwenye karatasi ya vipimo vya ini, na haitumiki tena kutafuta shambulio la moyo.

Baadaye kikaja kimeng'enya cha CK, na kisha aina yake inayopatikana zaidi kwenye moyo, CK-MB. Hiki kilikuwa bora zaidi, na kwa miaka mingi ndicho kilichotegemewa. Huanza kupanda saa 4 hadi 6 baada ya moyo kuumia na kurudi kawaida baada ya siku 2 au 3. Hata hivyo, nacho kinaweza kupanda kwa mtu aliyeumia misuli ya mwili, kama aliyepata ajali au aliyedungwa sindano nyingi za msulini.

Kipimo kinachotegemewa leo ni troponini. Protini hii iligunduliwa na mwanasayansi wa Japani, Setsuro Ebashi, katika miaka ya 1960, alipokuwa akichunguza namna msuli unavyokaza na kulegea. Ina sehemu tatu, nazo huitwa T, I na C. Sehemu ya C inafanana katika moyo na katika misuli mingine, kwa hiyo haisaidii. Lakini T na I za moyo zina umbo lake la pekee. Katika miaka ya 1980 ndipo zikapatikana njia za kuzipima kwenye damu, na kazi ya Hugo Katus na wenzake huko Heidelberg, Ujerumani, juu ya troponini T ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi. Mwaka 2000 jumuiya za wataalamu wa moyo za Ulaya na Marekani zilikubaliana kwamba troponini ndiyo iwe kipimo cha kwanza katika kuthibitisha shambulio la moyo. Msimamo huo unaendelea hadi leo.

Troponini inakwenda na saa

Hapa ndipo tunaomba msomaji atulie kidogo. Troponini haionekani kwenye damu dakika ile ile maumivu yanapoanza. Kwa vipimo vya kawaida, huanza kuonekana baada ya saa 3 hadi 6. Hufikia kilele chake baada ya saa 12 hadi 24 hivi, kisha hushuka polepole. Troponini I inaweza kubaki juu kwa siku 7 hadi 10, na troponini T hata siku 10 hadi 14.

Yako mambo mawili ya kujifunza hapo. La kwanza ni kwamba aliyechelewa naye apimwe. Mtu aliyeumwa kifua Jumatatu, akavumilia, akaja hospitali Ijumaa akiwa hoi, bado damu yake inaweza kueleza kilichotokea.

La pili ndilo lenye hatari zaidi: aliyewahi sana anaweza kupata jibu zuri ambalo si la kweli. Tuchukue mfano. Mzee wa miaka 58, mwenye presha, ameshikwa na maumivu ya kifua saa 1 usiku. Wanawe ni watu makini, wakampeleka haraka, na saa 2 usiku damu imeshachukuliwa. Maabara inatumia troponini T yenye kikomo cha 14. Jibu linarudi: 9. Familia inashukuru, na mzee anapewa dawa ya tumbo. Wakirudi nyumbani hapo, watakuwa wamerudi na mgonjwa ambaye hajamaliza kupimwa. Lau damu ingechukuliwa tena saa 5 usiku na jibu likawa 46, ingefahamika kwamba gunia lilikuwa limetoboka tangu mwanzo, ila punje zilikuwa hazijafika barabarani.

Kwa hiyo daktari hatazami namba peke yake. Anatazama namba inakwenda wapi. Kama ya kwanza na ya pili zote ziko chini na hazijabadilika, hiyo ni habari njema. Kama ya pili imepanda kwa kiasi kikubwa, moyo unaumia wakati huo huo. Na kama zote mbili ziko juu lakini hazipandi wala hazishuki, huenda moyo una tatizo la siku nyingi, au figo ndizo zenye matatizo.

Muda wa kungoja kati ya damu ya kwanza na ya pili hutegemea mashine. Vipo vipimo vya kisasa vyenye usikivu mkubwa, ambavyo vilianza kutumika Ulaya mnamo mwaka 2010 na kuruhusiwa Marekani mwaka 2017. Kwa hivyo, damu ya pili inaweza kuchukuliwa baada ya saa 1, 2 au 3. Kwa vipimo vya zamani husubiriwa saa 6 hivi. Na kama mgonjwa amekuja zaidi ya saa 3 tangu maumivu yaanze, kipimo cha kisasa kikaonesha namba ya chini kabisa, na kipimo cha umeme wa moyo kiko sawa, daktari anaweza kuridhika kwa damu moja. Lakini hiyo ni hukumu ya daktari anayeijua mashine yake, si ya mgonjwa aliyechoka kukaa kwenye benchi.

Kijikaratasi na mashine

Katika vituo vingi hakuna mashine kubwa, bali kipo kipimo cha haraka kinachofanana na kile cha malaria. Tone la damu huwekwa, na baada ya dakika 15 hivi huonekana mstari mmoja au miwili. Kipimo hiki kina faida kubwa pale penye uhaba. Mistari miwili kwa mtu mwenye maumivu ya kifua ni sababu tosha ya kuharakisha rufaa. Ila usikivu wake ni mdogo kuliko wa mashine. Mstari mmoja katika saa za mwanzo usichukuliwe kuwa ni cheti cha uzima.

Jambo jingine ni vipimio. Maabara moja huandika majibu kwa nanogramu kwenye lita, nyingine kwa nanogramu kwenye mililita. Namba 14 kwenye lita ni sawa na 0.014 kwenye mililita. Ukizitazama bila kujua utadhani mgonjwa amepona ghafla au ameharibikiwa. Aidha, namba ya troponini T hailinganishwi na ya troponini I, wala ya mashine ya kampuni moja na ya nyingine. Baadhi ya mashine zina kikomo cha chini zaidi kwa wanawake kuliko kwa wanaume. Kwa hiyo damu ya kwanza na ya pili ni vizuri zipimwe mahali pamoja, kwa mashine ile ile.

Na mwenye kutumia vidonge vya kuotesha nywele na kuimarisha kucha awaambie wapimaji. Vingi vina vitamini iitwayo biotini, na ikiwa nyingi mwilini inaweza kuharibu baadhi ya vipimo, hata troponini ikaonekana iko chini wakati iko juu. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari juu ya jambo hili mwaka 2017.

Ikipanda, je, lazima iwe ni shambulio?

Hapana. Troponini husema moyo umeumia, lakini haisemi nani ameuumiza. Inaweza kupanda kwa mwenye figo zilizochoka, mwenye maambukizi makali yaliyoenea katika damu, mwenye damu iliyoganda kwenye mapafu, mwenye uvimbe wa msuli wa moyo unaotokana na virusi, mwenye moyo unaokwenda mbio bila mpangilio, na hata kwa mtu aliyekimbia mbio ndefu sana. Ndiyo maana daktari huikusanya pamoja na maelezo ya mgonjwa, kipimo cha umeme wa moyo, na mara nyingine picha ya moyo inayoitwa eko.

Kuhusu kiasi cha kuumia, kwa ujumla namba ikifika juu zaidi ndivyo sehemu iliyokufa inavyokuwa kubwa. Lakini nguvu iliyobaki ya moyo kusukuma damu huonekana vizuri zaidi kwenye eko. Usimvunje moyo mgonjwa kwa kumtajia namba kubwa kabla eko haijafanyika.

Na kuna kisa ambacho kipimo cha damu hakitakiwi kungojewa kabisa. Kipimo cha umeme wa moyo huchukua dakika chache tu, na kinapaswa kufanywa ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa mwenye maumivu ya kifua afike. Kikionesha alama za wazi za mshipa ulioziba, matibabu ya kufungua mshipa yaanze, ama kwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo hufaa ndani ya saa 12 na hufaa zaidi ikitolewa mapema, ama kwa kuuzibua mshipa wenyewe kwa mrija, huduma inayotolewa katika hospitali kubwa kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili. Kungoja troponini hapo ni kuuacha msuli ufe huku tukisubiri karatasi ituthibitishie kuwa unakufa.

Kipimo cha moyo uliochoka

Kipo kipimo kingine ambacho familia nyingi hazijakisikia. Kinaitwa BNP, na ndugu yake ni NT-proBNP. Hii ni homoni inayotoka kwenye moyo wenyewe pale kuta zake zinapovutwa kwa kujaa damu kupita kiasi. Watafiti wa Japani waliitambua mwaka 1988 katika ubongo wa nguruwe, na ndiyo maana herufi ya kwanza ya jina lake inatokana na neno la ubongo, ingawa baadaye ilijulikana kuwa chanzo chake kikubwa ni moyo.

Kipimo hiki kinasaidia kwa mtu anayeishiwa pumzi na kuvimba miguu, ambaye haijulikani kama ni mapafu au ni moyo. Kwa mgonjwa aliyefika kwa dharura, BNP ikiwa chini ya 100, au NT-proBNP ikiwa chini ya 300, kwa pikogramu kwenye mililita, moyo kushindwa kazi huwa ni jambo la mbali. Ikiwa juu, eko inahitajika. Umri mkubwa na ugonjwa wa figo huipandisha, na unene huishusha.

Tunawataja hapa hasa kina mama. Upo ugonjwa wa moyo unaompata mwanamke katika mwezi wa mwisho wa ujauzito au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua. Mzazi huvimba miguu, hushindwa kulala chali, na huamka usiku akitafuta hewa. Nyumbani huambiwa ndiyo hali ya uzazi, au amepungukiwa damu, au asubiri arobaini iishe. Kuchoka ni kawaida kwa mzazi, lakini kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi si kawaida. Huyo apelekwe hospitali, na kama kipimo cha BNP kipo, afanyiwe.

Kolesteroli ni kitu kingine

Wengi huja na karatasi ya kolesteroli na kusema, "Nimepima moyo, niko salama." Kolesteroli inaeleza hatari iliyoko mbele, haielezi kama moyo umeumia leo. Kinyume chake, troponini inaeleza kuumia kwa leo na kwa siku chache zilizopita, wala haifai kutumika na mtu mzima wa afya anayetaka tu kujichunguza. Asiye na dalili, vipimo vyake ni presha, sukari, kolesteroli, na kuacha sigara. Vinapatikana karibu, na ndivyo vinavyozuia siku ya troponini isifike.

Vipi kuhusu mwenye kufunga?

Troponini na BNP havihitaji mtu awe na njaa. Hupimwa saa yoyote, ameshakula au hajala. Kwa hiyo asiwepo wa kusema, "Tungoje asubuhi kabla ya chai."

Ama katika Ramadhani, wanazuoni wengi wa zama zetu wameeleza kwamba kutoa damu kidogo kwa ajili ya kipimo hakuharibu saumu, na mwenye kutaka ufafanuzi zaidi amuulize shekhe wake. Lakini mwenye maumivu ya kifua hayuko katika kutolewa damu tu. Anaweza kuhitaji kutafuna dawa na kuwekewa maji ya mshipani. Ruhusa ya mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine imo ndani ya Qur'an, Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185. Wapo wanaovumilia hadi Magharibi kwa kuona ni ucha Mungu. Tumekwishaona kwamba msuli wa moyo huanza kufa katika nusu saa hivi, na kutoka Adhuhuri hadi Magharibi ni saa nyingi.

Mambo ya kufanya

1. Andika saa. Maumivu yalipoanza, mtu mmoja wa nyumbani atazame saa na kuandika. Kama hakuna aliyetazama, tumieni sala: yalianza kabla ya Alfajiri, au baada ya kutoka Isha. Usimwambie mganga "tangu jana". Saa hiyo ndiyo itakayompa maana ya namba ya maabara.

2. Nenda panapofaa. Duka la dawa halina kipimo cha umeme wa moyo. Kama kuna uwezekano, nenda moja kwa moja kwenye hospitali yenye ECG na maabara. Mgonjwa asiendeshe gari mwenyewe, wala asitembee kwa miguu.

3. Aspirini. Kwa mtu mzima mwenye dalili tulizozitaja, kutafuna aspirini ya miligramu 300 mara moja kunaweza kuokoa maisha. Asipewe mwenye mzio nayo, anayetapika damu au kupata choo cheusi, au mwenye dalili za kiharusi. Na isiwe sababu ya kuchelewa kuondoka. Asipewe diklofenaki wala dawa nyingine za maumivu za aina hiyo.

4. Uliza kwa adabu. Mgonjwa wako akiwa amepimwa, una haki ya kuuliza: "Daktari, ECG inasemaje? Damu hii imechukuliwa saa ngapi tangu maumivu yaanze? Je, itachukuliwa tena, na saa ngapi?" Maswali haya hayamdharau mganga. Sisi tunaofanya kazi vituoni, wakati foleni imefika mlangoni, hunufaika na ndugu anayekumbusha.

5. Tunza karatasi. Majibu yote na karatasi ya ECG ziwekwe kwenye bahasha moja. Akija kuumwa tena baada ya mwaka, ECG ya zamani ikilinganishwa na mpya inaeleza mengi.

6. Ukiruhusiwa, uliza dalili za kurudi. Maumivu yakirejea, rudi hata kama ni usiku ule ule, hata kama karatasi inasema hakuna kitu. Karatasi inaeleza saa ile damu ilipochukuliwa, haielezi saa zilizofuata.

Ndugu msomaji, zungumzeni haya nyumbani kabla hayajatokea. Kila aliye nyumbani ajue ni nani ataandika saa, ni jirani gani mwenye usafiri, na ni hospitali ipi iliyo karibu yenye ECG. Usiku wa maumivu si wakati wa kuanza kuulizana.

Tunamuomba Allah atujaalie afya njema, awaponye wagonjwa wetu, na atupe wepesi wa kuwahi pale inapobidi kuwahi.

Wabillahi tawfiq.